Wapangaji wa Magamba ya Konokono

Katika maduka ya samaki wa mapambo ya Ulaya na Marekani anauzwa samaki aitwaye Ikola. Ni mweusi, ana mkanda mpana wa njano katikati ya mwili, na ni wa jenasi ya Tropheus. Wengi wanaomnunua huko hawajui kwamba Ikola ni kijiji, kwamba kiko mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Mkoa wa Katavi, na kwamba samaki wao ana asili ya mawe ya pwani hiyo.

Wafugaji wa samaki wa ziwa hili wana desturi ya kumtaja kila samaki pamoja na ufukwe alikotoka, na sababu ipo. Samaki wanaoishi kwenye mawe hawavuki ovyo eneo refu la mchanga. Wa mwamba huu na wa mwamba ule huishi karne kwa karne bila kuchanganyika, hata rangi zao zikaachana. Ndiyo maana majina ya Ikola, Kipili na Kigoma yamo katika orodha za wauzaji wa mbali, wakati mjini Mpanda, makao makuu ya mkoa wenyewe, ziwa hufika sokoni likiwa limekaushwa au limekaangwa: dagaa kwa kopo, migebuka kwa fungu. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, maana tumbo hutangulia. Lakini ziwa hilohilo lina samaki wasiofaa kitoweo, wadogo kama kidole gumba, ambao wanastahili kutazamwa sebuleni kwa miaka. Sura hii ni yao.

Samaki hao ni wa familia ya sikilidi, ukoo mmoja na perege na sato. Tanganyika peke yake ina aina takriban 240 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuchunguza vinasaba vya karibu aina zote hizo, wakaonyesha kwamba utitiri huo ulizaliwa ndani ya ziwa lenyewe. Kuhe, ambaye kila mla samaki wa Karema anamfahamu, huhesabiwa kuwa sikilidi mkubwa kuliko wote duniani, na huweza kupita nusu mita. Mdogo kuliko wote naye anatoka humuhumu. Jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus, na jike wake aliyekwisha kuzaa mara kadhaa huwa na urefu wa sentimita tatu hivi.

Wafugaji humwita kibete sikilidi yeyote asiyepita sentimita kumi au karibu na hapo. Vitabu vingi vya ufugaji vikifika kwenye vibete huenda moja kwa moja Amerika Kusini, kwa akina Apistogramma wa mito ya msitu wa Amazon na Mikrogeophagus ramirezi wa bonde la Orinoco, kisha hugusa Afrika Magharibi kwa Pelvicachromis pulcher mwenye tumbo la zambarau. Ni warembo bila shaka. Ila wamezoea maji laini yenye asidi, maji ya rangi ya chai yaliyopita kwenye majani yaliyooza, na kumpata mmoja wao Mpanda ni kazi ya kuagiza kutoka mbali na kumpokea akiwa amechoka au amekufa. Kwa mtu wa Katavi, ushauri wa kuanza na hao ni ushauri mbaya. Vibete wa Tanganyika ni wagumu, hawachagui sana chakula, huzaa katika tangi dogo, na kwao ni hapo jirani, safari ya kilomita mia na ushei kutoka Mpanda hadi ufukweni.

Tena wana jambo ambalo wenzao wa Orinoco hawana. Wanaishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa.

Konokono mwenyewe anaitwa Neothauma tanganyicense. Alielezwa kisayansi mwaka 1880 na Edgar Smith wa London, na haishi kokote ila Ziwa Tanganyika. Gamba lake ni mviringo, zito, la ukubwa wa limau dogo. Akifa, gamba hubaki, na hapo ndipo maji ya Tanganyika yanapofanya kazi yake. Maji hayo yana alkali na chokaa nyingi, pH yake ikiwa kati ya 8.6 na 9 na zaidi, hivyo gamba haliyeyuki kama ambavyo lingeyeyuka katika kijito chenye asidi. Hulala sakafuni kwa miaka mingi mno, mengine kwa karne nyingi. Katika sehemu fulani za ziwa yamejikusanya hata yakafunika mchanga kwa eneo kubwa, gamba juu ya gamba, kwenye kina cha mita chache hadi makumi ya mita.

Sakafu kama hiyo haina mwamba wa kujificha. Juu wanapita migebuka na wawindaji wengine, na samaki wa sentimita nne aliye wazi ni tonge. Basi vibete wakapanga ndani ya magamba, na maisha yao yote, kula, kulala, kuoana, kutaga na kulea, yakazunguka mlango wa gamba moja.

Kila aina inapanga kwa namna yake. Neolamprologus brevis ni mtu wa ndoa: dume na jike huingia gamba moja wakati wa hatari, jike akitangulia, dume akifuata na kuziba mlango. Neolamprologus multifasciatus, yule mdogo kabisa, anayepatikana zaidi kusini mwa ziwa, huishi kwa ujamaa. Dume mmoja au wawili, majike kadhaa na watoto wa rika mbalimbali hukaa pamoja, kila mmoja na gamba lake, na koloni nzima huhamisha mchanga kwa midomo hadi magamba yaonekane yamepangwa ndani ya shimo. Lamprologus ocellatus, mwenye doa kama jicho kwenye kifuniko cha shavu, ni mkali na mbinafsi. Kila mmoja ana gamba lake, na dume mwenye bahati huwa na majike wawili au watatu ndani ya mpaka wake.

Ocellatus ndiye wa kumtazama kwa karibu. Akitupiwa gamba juu ya mchanga, hulizunguka kwanza, akichungulia mlango kwa jicho moja kisha kwa jingine. Anaingia, anatoka kinyumenyume. Ndipo hushika ukingo kwa mdomo na kulivuta mpaka mlango utazame upande anaoutaka. Baada ya hapo huanza kuchimba chini yake: anajaza mdomo mchanga, anautema mbali kidogo, anarudi, na gamba linaanza kudidimia. Likishazama nusu, hubadili mbinu. Hukita pua mchangani mbele ya gamba, hupiga mkia kwa nguvu, na mchanga huruka nyuma ukilifunika. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa au siku nzima, na mwisho wake hakionekani kitu juu ya mchanga isipokuwa tundu moja la mviringo na macho mawili yanayong'aa ndani yake. Akiwa na majike, huwazikia na wao, na gamba asilolitaka hulifukia kabisa ili jirani asilipate.

Kuna na Lamprologus callipterus, ambaye si wa tangi dogo lakini hawezi kurukwa. Dume wake hukusanya magamba kwa kuyabeba mdomoni, moja moja, akajenga kichuguu cha makumi ya magamba, na majike huja kutaga humo. Magamba mengine huyapora kwa jirani, hata yakiwa na jike ndani. Kwa kuwa dume lazima awe mkubwa wa kuweza kubeba gamba na jike lazima awe mdogo wa kuweza kuingia, wameachana mno kwa umbo: dume ana uzito wa wastani unaozidi wa jike mara 12 hivi. Miongoni mwa wanyama wote waliopimwa, hakuna pengine ambapo dume anamzidi jike kwa kiasi hicho. Wapo na madume ya aina nyingine, vijidume visivyofikia hata asilimia 3 ya uzito wa mwenye kichuguu. Hao hupenya ndani ya gamba, wakampita jike, na kwenda kurutubisha mayai wakiwa mwisho wa pinda. Wanasayansi wameonyesha kwamba udogo huo ni wa kurithi, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Dunia ilianza kuwajua samaki hawa kabla ya ukoloni kukomaa. Katika miaka ya 1890 Mwingereza J. E. S. Moore alikusanya samaki wa Tanganyika, na George Boulenger, mtaalamu wa makumbusho ya London, akaanza kuwapa majina: brevis mwaka 1899, kisha multifasciatus na callipterus mwaka 1906 baada ya msafara wa W. A. Cunnington wa 1904 na 1905. Ocellatus alielezwa na Franz Steindachner wa Vienna mwaka 1909. Wote hao walitazamwa wakiwa wafu, wamelowekwa katika pombe. Maisha yao ya ndani ya gamba yalikuja kuenea kwa wafugaji baadaye sana, hasa kuanzia miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipofungua kituo cha kusafirisha samaki hai kutoka Burundi. Kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu samaki wa Ziwa Tanganyika kiliwaingiza wengi katika ufugaji huu, na wafugaji wakaanza kuuliza kila samaki ametoka kijiji gani.

Pwani ya Katavi ina funzo lake katika historia hiyo. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo Karema, na mwaka 1885 kikachukuliwa na mapadri wa White Fathers. Kilijengwa maji yakiwa karibu. Lakini miaka ileile ziwa lilikuwa limepata njia ya kutokea magharibi, Mto Lukuga, likaanza kushuka, na katika miongo michache lilipungua mita zipatazo kumi. Ufukwe ukaihama Karema. Hayo ni mabadiliko ya umri wa mtu mmoja tu. Katika umri wa ziwa, unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, maji yamepanda na kushuka kwa mamia ya mita. Kila yaliposhuka, miamba iliyokuwa imeungana ilitenganishwa, na iliyotengana ikaunganishwa. Samaki wa Ikola akawa na mkanda wake wa njano kwa historia ya namna hiyo.

Sasa turudi Mpanda, kwenye tangi.

Tangi la kuanzia ni la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54. Fundi wa vioo anayetengeneza madirisha na makabati huweza kuliunganisha kwa vioo vya milimita sita na gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, kisha likaachwa likauke siku kadhaa kabla ya kutiwa maji. Kimo si muhimu kwa samaki hawa, ni eneo la chini wanalolitaka. Chini uwekwe mchanga laini, kina cha sentimita tano hadi nane, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Kokoto za rangi zinazouzwa madukani ziachwe dukani. Samaki asiyeweza kuchimba hafanyi lolote kati ya yale yaliyoelezwa hapo juu, na mfugaji atamwona mvivu wakati amenyimwa vifaa vya kazi.

Magamba ni jambo la pili. Ulaya hutumia ya konokono wanaoliwa Ufaransa. Katavi kuna njia rahisi zaidi: magamba makavu ya konokono wa mabwawa na wa majaruba ya mpunga, au ya konokono wa shambani wakiwa bado wachanga, ya ukubwa wa sentimita tatu hadi tano. Yaokotwe yaliyokwisha kukauka juu ya tuta, bila kuingia majini, kwa sababu kichocho ni ugonjwa wa kweli katika maeneo hayo. Yachemshwe, yasuguliwe, yanuswe. Lenye harufu bado lina nyama ndani na litachafua tangi zima. Yawe mengi kuliko samaki, angalau mawili kwa kila mmoja, la sivyo kutakuwa na vita usiku na mchana. Magamba ya Neothauma yaliyoko ziwani yabaki ziwani. Kila moja linaloletwa mjini ni nyumba iliyobomolewa huko.

Maji yanataka akili zaidi. Visima na mabomba havifanani, hata ndani ya mtaa mmoja, kwa hiyo cha kwanza ni kupima pH kwa vipimo vya matone au vya karatasi. Yakisoma 7.8 hadi 9 yanafaa. Yakiwa chini ya hapo, vipande vya mawe ya chokaa au marumaru ndani ya filta na magamba yenyewe huyapandisha taratibu, na kijiko kidogo cha baikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, husaidia, mradi kiyeyushwe pembeni na kutiwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwenye ndoo siku moja au mbili.

Kinachoua samaki wa Tanganyika wengi mikononi mwa wanaoanza ni amonia. Samaki huitoa kupitia mashavu, na mabaki ya chakula yakioza huizalisha. Katika tangi lililokomaa, bakteria walioshika kwenye sponji na mchanga huibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huibadilisha hiyo kuwa nitrati, ambayo ni nafuu sana. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka. Na hapa ndipo maji ya alkali yanapokuwa makali: katika pH ya 7, kwenye joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo huwa katika umbo lenye sumu, lakini katika pH ya 9 theluthi nzima huwa sumu. Uchafu uleule ambao perege wa kwenye ndoo ya maji ya kisima angeuvumilia humuua ocellatus kabla jua halijazama. Tangi liwashwe, litiwe chembe za chakula ili bakteria wapate cha kula, liachwe bila samaki kwa mwezi au zaidi. Aliye na rafiki mwenye tangi la zamani amwombe kipande cha sponji kichafu, maana hicho kitamfupishia subira.

Filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa inatosha. Ni rahisi, haimezi watoto wa samaki, na umeme ukikatika hata nusu saa hakuna kinachoharibika. Ukikatika usiku kucha, pampu ndogo ya betri ndiyo uhai wa tangi, na samaki wasilishwe mpaka umeme urudi. Baridi ni adui mwingine. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 29 mwaka mzima. Mpanda iko juu zaidi kwa takriban mita 300, na usiku wa Juni na Julai mwenyeji yeyote anaujua. Hita ya wati 50 iwekwe kwenye nyuzi 25 au 26, na pande tatu za tangi zizibwe kwa maboksi meupe mepesi yanayokuja na televisheni na friji. Hiyo husaidia kuliko hita ya pili.

Chakula hakina shida mkoani Katavi. Viluwiluwi wa mbu kutoka pipa safi la mvua ni karamu, maadamu wanaliwa wote siku hiyohiyo. Dagaa mkavu asiye na chumvi, akisagwa na kuchekechwa, hufaa kwa siku za kawaida. Kidogo, mara mbili kwa siku, kisichobaki sakafuni. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki kwa maji ya joto lilelile na pH ileile.

Kuzaa hakuhitaji ufundi wowote zaidi ya huo. Dume mmoja wa ocellatus na majike wawili wakipewa amani, jike huanza kupinda mwili na kuonyesha tumbo mbele ya gamba lake, kisha hupotea ndani. Dume husimama mlangoni. Mayai hubandikwa ukutani ndani ya pinda ambako hakuna jicho linalofika, na mama hukaa nayo akipepea maji kwa mapezi. Huanguliwa baada ya siku tatu hivi. Mfugaji hajui lolote mpaka siku moja, wiki moja au mbili baadaye, anapoona vumbi lenye macho likielea sentimita moja juu ya tundu. Kivuli kikipita, vumbi lote hurudi ndani kwa mara moja. Hao watoto hula vijikamba wa artemia waliototolewa siku hiyo, na aliyekosa artemia atumie maji ya kijani yenye vijidudu au unga laini wa kiini cha yai kwa kiasi kidogo mno.

Multifasciatus ni rahisi kuliko hivyo. Hakuna wa kutenganishwa. Watoto wanakulia katika koloni, rika juu ya rika, na ndani ya mwaka samaki sita huweza kuwa makumi. Ushirika wa kulea una wataalamu wake katika ziwa hili. Neolamprologus pulcher, mkazi wa mawe mwenye mapezi marefu ya mkia, hulea kwa msaada wa vijana wasiozaa ambao husafisha mayai, huchimba, na hupigana na wavamizi ili waruhusiwe kubaki nyumbani. Michael Taborsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bern wamewatazama samaki hao kwa miongo kadhaa. Binadamu wanaochunguza asili ya kusaidiana wanasafiri kutoka Uswisi kuja kuwaangalia jamaa wa samaki ambao mwanafunzi wa Mpanda angeweza kuwatazama akiwa amekaa kwenye dawati lake.

Wazazi wa kwanza watoke wapi? Hapa sheria ina neno. Kukamata au kuuza samaki wa mapambo ni shughuli ya uvuvi na inahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kwa hiyo safari ya kwanza ni ofisi ya afisa uvuvi wa wilaya, kabla ya ufukweni. Na idadi inayohitajika ni ndogo: samaki sita waliochukuliwa kwa uangalifu wanatosha kulisha matangi ya mji mzima kwa vizazi. Wa Ikola wazaane na wa Ikola, wasichanganywe na wa Kipili, na mfugaji aandike asili yao kwenye kioo. Aliyezidiwa na watoto awagawe. Asiwarudishe ziwani, na asiwamwage katika Mto Katuma wala bwawa lolote, kwa sababu maji hayo yanaelekea Ziwa Rukwa, na Rukwa ina samaki wake.

Ziwa lenyewe halina ziada ya kupotezwa. Kokoro linaloburutwa sakafuni huvunja na kufukia magamba, na kila uzao uliomo ndani. Udongo unaoteremka kutoka milima iliyofyekwa hufunika mawe na kuziba matundu. Tafiti za miaka ya 1990 zilikwisha kuonyesha kwamba palipo na tope jingi aina za viumbe hupungua. Maji ya juu yanazidi kupata joto, na mwaka 2003 jarida la Nature lilieleza jinsi joto hilo linavyozuia rutuba ya chini isipande kuwalisha samaki. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaana, na watu wa Ikola na Karema walibeba gharama ya uamuzi huo katika vyungu vyao. Mtu anayewazalisha samaki nyumbani hagusi sakafu ya ziwa tena baada ya siku ya kwanza.

Ipo pia riziki, japo isikuzwe kupita ilivyo. Hoteli, zahanati na ofisi za miji ya Tanzania hununua matangi yenye samaki wa dhahabu kutoka Asia, huku sikilidi wa kwetu wakifugwa na kuzalishwa na watu wa nchi zisizo na ziwa hili. Kijana wa Mpanda mwenye matangi manne na rekodi safi ana kitu cha kuuza Tabora, Mwanza na Dar es Salaam, kwa sababu samaki aliyezaliwa kwenye tangi huvumilia safari na tangi jipya kuliko aliyetolewa ziwani jana.

Lakini mahali panapofaa zaidi kuanzia ni shule. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, ndani ya mkoa huuhuu, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma, kwenye ziwa lilelile. Zikiamua kutunza koloni mbili tatu za vibete zenye asili inayojulikana na kuzigawia sekondari za Mpanda, Mlele na Ikola, gharama yake ni ndogo kuliko ya hadubini nzuri moja, na mwanafunzi atasoma tabia, urithi na mzunguko wa nitrojeni kwa kiumbe aliye hai mbele yake. Mwalimu wa biolojia asiyetaka kusubiri taasisi aende kwa afisa uvuvi wa wilaya yake wiki hii, aombe kibali cha dume mmoja na majike wawili wa ocellatus, na wakati barua ikishughulikiwa awashe filta, kwa maana tangi lenyewe linahitaji mwezi mzima kabla ya kupokea samaki.